Kupiga picha za nyumba kwa droni Marekani: cheti, anga na mteja

"Kaka, nishanunua droni. Hiyo leseni inachukua siku ngapi?"

Ujumbe wa namna hii hunifikia WhatsApp mara kwa mara, hasa baada ya sikukuu ya Shukrani, bei zikishuka madukani. Anayeuliza ni Mkenya wa Houston, Mtanzania wa Columbus, au Mkongo aliyefika Texas juzijuzi na ameshachoka na zamu za usiku ghalani. Ameona nyumba zinavyouzwa mtandaoni kwa picha zilizopigwa juu ya paa, amepiga hesabu zake kichwani, na anataka kuanza Jumatatu.

Namjibu kwa swali: leseni ipi? Neno hilo moja limebebeshwa mizigo minne. Ipo ruhusa yako wewe rubani. Upo usajili wa chombo chenyewe. Ipo ruhusa ya anga iliyo juu ya nyumba unayokwenda kupiga, na hiyo hubadilika mtaa hadi mtaa. Halafu ipo haki yako ya kulipwa kwa kazi katika nchi hii, ambayo watu wa ndege hawahusiki nayo hata kidogo. Ninaowaona wakikwama, mtihani wenyewe wameshaupita. Kinachowakwamisha ni kudhani kwamba karatasi moja imewafungulia milango yote.

Madalali ndio waliotangulia

Kabla ya 2014 kupiga picha za biashara kwa droni Marekani ilikuwa kama kuuza maandazi bila kibali: watu walifanya, na wenye mamlaka wakikasirika wanakuja. Kesi iliyovuma ni ya Raphael Pirker, ambaye 2011 alirusha droni akipiga picha za video katika Chuo Kikuu cha Virginia. Mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, ilimtoza faini ya dola 10,000. Mvutano ukafika mbali, na mwanzoni mwa 2015 ukamalizwa kwa makubaliano ya dola 1,100.

Mwezi huohuo wa Januari 2015 FAA ilitoa msamaha wake wa kwanza kwa picha za nyumba, na aliyeupata alikuwa dalali wa Tucson, Arizona. Masharti yake yanachekesha ukiyasoma leo. Aliyeshika rimoti alitakiwa awe na leseni ya kurusha ndege ya kawaida, ile ya kupanda watu, na awe na msaidizi wa kuangalia chombo. Hebu fikiria rubani wa ndege akiitwa kupiga picha ya bwawa la kuogelea.

Tarehe 29 Agosti 2016 ikaanza kutumika Sehemu ya 107 ya kanuni za anga, na mlango ukafunguka kwa mtu wa kawaida. Karibu kila kitu ninachoeleza hapa kinatokana na kanuni hiyo.

Nani anahitaji cheti

FAA wenyewe wanaiita cheti, cheti cha rubani wa mbali. Sisi tunasema leseni na hakuna anayepotea, kwa hiyo nitachanganya.

Watu wana njia tatu za kujidanganya kwamba hawakihitaji. Ya kwanza ni "silipwi". Dada yako ni dalali, amekuomba umpigie nyumba moja kama fadhila, hamna hela iliyopita mkononi. FAA haiangalii malipo peke yake, inaangalia safari ile ilikuwa ya nini. Picha inayokwenda kuuza nyumba ni ya biashara hata kama malipo yako yalikuwa sahani ya pilau. Hata dalali anayerusha droni yake mwenyewe kwa nyumba anazouza anahitaji cheti.

Ya pili ni uzito. Droni ya chini ya gramu 250 inasamehewa usajili, lakini kwa anayeruka kujifurahisha tu. Ukiiingiza kazini msamaha umekwisha, nayo inasajiliwa kama kaka zake wakubwa.

Ya tatu ndiyo inayoniumiza, kwa sababu mtu anakuwa amejitahidi kweli. Anaingia mtandaoni, anafanya mtihani mfupi wa bure uitwao TRUST, anapata karatasi yenye jina lake, anaichapisha na kuiweka kwenye gari. TRUST ni ya wanaoruka kujifurahisha. Kwa kazi ya kulipwa haina uzito wowote. Na tangu sheria ya 2024, faini kwa mrushaji inaweza kufika dola 75,000 kwa kosa moja. Sijasema ndivyo wanavyotoza kila mtu, ila kosa la kuruka kibiashara bila cheti si la kulifanyia majaribio.

Mtihani

Uwe umetimiza miaka 16, ujue kusoma, kuongea, kuandika na kuelewa Kiingereza, na uwe na afya ya mwili na akili inayokuwezesha kuruka salama. Uraia hautakiwi. Nalirudia hili kwa sababu kuna waliojinyima miaka wakisubiri kuapishwa.

Unajisajili kwenye mfumo wa FAA uitwao IACRA, unapewa namba yako ya kudumu, halafu unalipa dola 175 kufanya mtihani katika kituo cha PSI, kampuni inayosimamia mitihani, ana kwa ana, na kitambulisho mkononi. Maswali ni 60 ya kuchagua jibu, muda saa mbili, na ufaulu ni asilimia 70, yaani 42 sahihi. Ukianguka unasubiri siku 14 na unalipa upya.

Hakuna mahali utakapoombwa kurusha chochote. Mtu anaweza kupata cheti bila kuwahi kugusa droni, na wapo. Ndiyo maana cheti peke yake hakimwambii dalali kama wewe ni mzuri.

Mtihani unapima kama unaweza kuishi kwenye anga ileile na ndege nyingine. Sehemu kubwa ni ramani za anga na hali ya hewa, na hapo ndipo watu waliozoea kurusha kwa mazoea huanguka. Chukua taarifa ya hewa kama hii:

KDFW 121853Z 17012KT 10SM FEW045 31/18 A2992

KDFW ni uwanja wa Dallas–Fort Worth. Tarehe 12 ya mwezi, saa 18:53 kwa saa ya dunia. Texas wakati wa kiangazi iko nyuma saa tano, kwa hiyo hapa ni saa nane kasoro dakika saba mchana, na mama Nairobi kwake ni saa tatu na dakika 53 usiku, usimpigie. Upepo unatoka nyuzi 170, karibu kusini, kwa kasi ya noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Macho yanafika maili 10. Mawingu machache yako futi 4,500 juu ya ardhi. Joto 31, kiwango cha umande 18, na mwisho ni shinikizo la hewa. Siku nzuri ya kazi.

Sasa badilisha kipande kimoja tu. Badala ya FEW045 weka BKN007, maana yake mawingu mengi kwenye futi 700. Kanuni inataka droni iwe futi 500 chini ya wingu. Saba toa tano, umebaki na futi 200 za kuruka badala ya 400 za kawaida. Na maili za kuona zikiwa chini ya tatu, huruki kabisa. Ukishaizoea hesabu hiyo, swali lenye sura ya kutisha linakuwa toa-baki ya darasa la pili.

Ramani nayo ina lugha yake. Mstari wa buluu usiokatika ni viwanja vikubwa kama Dallas. Wa buluu wa vipande vipande ni viwanja vidogo vyenye mnara wa kuongozea ndege. Wiki mbili hadi nne za kusoma jioni zinatosha kwa anayetulia. Vifaa vya kujifunzia vya FAA ni vya bure, na binafsi sioni sababu ya kulipa mamia ya dola kwa kozi kabla ya kuvijaribu hivyo.

Ukifaulu unarudi IACRA kujaza ombi, idara ya usalama wa usafiri, TSA, inakuchunguza, halafu unapata cheti cha muda cha kuchapisha wakati kadi inakuja kwa posta. Cheti chenyewe hakiishi muda. Ila kila miezi 24 lazima urudie mafunzo mafupi mtandaoni, na hayo hayana malipo.

Chombo, na karatasi zako wewe

Kila droni ya kazi inasajiliwa kwa dola 5 kwa miaka mitatu kwenye tovuti ya FAADroneZone, na namba unaibandika nje ya chombo mahali inapoonekana. Juu ya hapo kuna utambulisho wa mbali: droni ikiwa hewani lazima itangaze kwa redio namba yake, ilipo, na mwenye rimoti alipo. Masharti yalianza Septemba 2023, na uvumilivu wa FAA ukaisha tarehe 16 Machi 2024. Anayenunua droni iliyotumika aulize jambo hili kwanza, kabla ya kuuliza kamera ina megapikseli ngapi. Chombo kizee kisichotangaza kinahitaji kifaa cha kuongezea, na baadhi ya vidogo vya chini ya gramu 250 havitangazi vikiwa na betri yao ya kawaida.

Tukiwa hapohapo dukani: Desemba 2025 tume ya mawasiliano, FCC, iliziingiza droni mpya zinazotengenezwa nje ya Marekani kwenye orodha ya vifaa visivyoweza kupewa idhini. Zilizokwisha kuidhinishwa hazikuzuiwa kuruka. Lakini kwa kuwa wengi wetu tunatumia DJI ya China, bei na upatikanaji wa betri na vipuri ni jambo la kuangalia kabla ya kununua, siyo baada.

Sasa makaratasi yako. Cheti hakiulizi uraia, lakini usajili wa droni kwa jina lako ni wa raia na wenye makazi ya kudumu. Asiye katika makundi hayo awaandikie FAA mapema, maana kwake kuna taratibu za ziada, hasa kwa kazi ya kulipwa. Na kibali cha kufanya kazi ni kitu kingine kabisa. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 anaweza kufaulu mtihani kwa asilimia 98 na bado asiruhusiwe kuandika ankara. Nimeona kijana mwerevu akikusanya "shukrani" za dola mia mia kupitia simu, akidhani hazionekani. Viza yake ilikuwa na thamani kuliko nyumba zote alizopiga.

Anga iliyo juu ya nyumba

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, na ndipo ningependa usome taratibu.

Mbali na viwanja vya ndege unaruka hadi futi 400 bila kuomba mtu. Ukiingia eneo linalosimamiwa na mnara, unaomba. Njia ya kawaida ni LAANC, mfumo unaopatikana kwenye programu za simu zilizoidhinishwa. FAA imegawa anga hiyo katika visanduku, na kila kisanduku kina kimo chake: 400, 300, 200, 100, 50, au 0. Ukiomba chini ya kimo hicho jibu linakuja kwa sekunde. Kikiwa 0, hakuna jibu la papo hapo. Unatuma ombi la kawaida, ambalo linaweza kuchukua wiki, na linaweza kukataliwa.

Wiki ni muda ambao dalali hana. Nyumba inaingia sokoni Alhamisi.

Mwaka wangu wa kwanza nilikubali nyumba moja karibu na uwanja wa Love Field, hapa Dallas, bila kuangalia kisanduku. Niliangalia anwani, nikaona maua mazuri na paa la vigae vyekundu, nikasema ndiyo. Nimefika, nimefungua programu, sifuri. Yule dada dalali amesimama barazani kwa viatu virefu, mwenye nyumba dirishani, ndege zinapita juu yetu moja baada ya nyingine kama daladala za Kariakoo. Nilimwambia ukweli. Hakufurahi. Nilichofanya ni kuchukua nguzo ninayofungia kamera, ile inayorefuka hadi futi 20, nikaipandisha mbele ya nyumba nikiongoza kwa simu. Paa lilionekana, ua wa nyuma ulionekana kidogo juu ya uzio. Alizitumia. Tangu siku hiyo nguzo haitoki kwenye gari, na anwani naiangalia kwenye ramani kabla sijasema bei.

Kwa ndugu zetu wa Maryland na Virginia habari ni ngumu zaidi. Kuizunguka Washington, ndani ya maili 15 za baharini kutoka uwanja wa ndege wa Reagan, droni hairuki bila ruhusa maalumu, na mpiga picha wa nyumba asijipe matumaini ya kuipata. Silver Spring imo. Hyattsville imo. Kuanzia maili 15 hadi 30 unaruhusiwa kwa masharti. Mtu anayeishi huko na kutegemea droni peke yake amechagua biashara isiyoweza kufanyika mtaani kwake. Nguzo, ndugu yangu.

Kuna pia makatazo ya muda. Kiwanja cha michezo chenye viti 30,000 au zaidi, siku ya mechi ya ligi kuu za besiboli au mpira wa miguu wa Kimarekani, hufunga anga kwa maili 3 za baharini kukizunguka, kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada ya mchezo. Arlington ya hapa Texas ina viwanja viwili vya namna hiyo vilivyo jirani. Rais akija mjini, duara ni kubwa zaidi. Unaangalia asubuhi ya kazi, na unaangalia tena ukiwa kwenye gari.

Majirani, mipaka na jioni

FAA inasimamia anga. Ardhi unayokanyaga ina wenyewe. Ruhusa ya mwenye nyumba kupaa na kutua kwake iwe ya maandishi, hata meseji inatosha. Usipite juu ya watu wasiohusika. Jirani akitoka kukata nyasi, subiri. Magari yanayotembea vilevile. Na ikitokea ajali ikaumiza mtu vibaya, au ikaharibu mali ya wengine kwa zaidi ya dola 500, FAA wanataka taarifa ndani ya siku 10.

Texas ina sheria yake ya faragha dhidi ya picha za droni. Ilipingwa mahakamani, ikaangushwa 2022, na Oktoba 2023 mahakama ya rufaa ikairudisha. Ndani yake kuna misamaha miwili inayotuhusu. Mmoja ni wa picha iliyopigwa kwa idhini ya mwenye mali. Mwingine unamtaja broka mwenye leseni ya Texas, yule ambaye madalali wa kawaida hufanya kazi chini ya jina lake, anapouza nyumba, mradi hakuna mtu anayetambulika kwenye picha. Kwa hiyo nina tabia mbili: oda ya maandishi kutoka ofisi ya broka, na kufuta kwa ukungu sura yoyote iliyoingia kwa bahati mbaya.

Jambo jingine ambalo madalali huomba bila kujua uzito wake: "Nichoree mstari wa mpaka wa kiwanja." Kule North Carolina mrushaji mmoja alionywa na bodi ya wapima ardhi kwa kuuza picha za ramani zenye vipimo bila leseni ya upimaji. Akashtaki, akashindwa, na Mei 2024 mahakama ya rufaa ikakubaliana na bodi. Kila jimbo lina sheria yake, lakini mimi sichori. Nampa dalali picha safi, akitaka mstari atauweka mwenyewe kutoka kwenye karatasi za mpima.

Picha za jioni ndizo zinazolipa, taa za ndani zikiwaka na mbingu ikiwa buluu iliyoiva. Zamani ilihitaji kibali maalumu kuruka usiku. Tangu Aprili 2021 inatosha kuwa na mafunzo mapya na taa ya kumetameta inayoonekana kutoka maili tatu. Vitaa vidogo vya kiwandani mara nyingi havifiki huko, kwa hiyo unanunua taa ndogo ya kubandika.

Kazi inapatikana wapi

Kwanza nikuvunje moyo kidogo. Kwenye nyumba ya kawaida ninapeleka picha kama 35, na za droni huwa tano au sita. Dalali haagizi droni. Anaagiza nyumba nzima: sebule, jiko, bafu, uso wa nyumba, ua, halafu juu. Akimpata mtu mmoja wa kufanya yote hatamwita wa pili kwa picha tano. Kwa hiyo aliye na cheti bila ujuzi wa kupiga ndani ya nyumba anashindana na wenye vyote viwili, na atashindwa. Stendi ya miguu mitatu, lenzi pana, kujua kupiga picha tatu za mwanga tofauti na kuziunganisha ili dirisha lisiungue, kusimamisha kuta wima. Huko ndiko kwenye mkate.

Hata ile ya juu yenyewe haiko juu sana. Wanaoanza hupandisha hadi futi 400 kwa sababu wanaruhusiwa, na nyumba inakuwa kama kiberiti katikati ya viberiti vingine. Picha inayouza huwa futi 25 hadi 40, juu kidogo ya ukingo wa paa, kamera imeinama kidogo tu, mtu aone mlango na ua wa nyuma kwa pamoja. Ile ya juu sana unaitumia kuonyesha jambo: ziwa liko hapo, shule iko pale. Kama hakuna ziwa, usipande.

Na jua. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la kichwani. Hapa majira ya baridi jua linatembea chini upande wa kusini siku nzima, na nyumba inayotazama kaskazini uso wake unashinda kivulini kuanzia asubuhi hadi magharibi. Nyumba hiyo piga siku ya mawingu mepesi, au jioni. Mpigie dalali kabla, mweleze sababu. Atakumbuka kwamba ulijua.

Njia rahisi ya kuingia ni kampuni kubwa zinazogawa kazi kwa wapiga picha wa kujitegemea. Zinalipa kidogo, zinatoa masharti marefu, lakini zinakupa nyumba nyingi za kujifunzia. Nakushauri miezi michache, usizidishe. Njia nyingine, isiyotajwa sana, ni kumfuata aliyetangulia. Kanuni inamruhusu asiye na cheti kushika rimoti ikiwa mwenye cheti amesimama pembeni na anaweza kuichukua mara moja. Mbebee mtu betri Jumamosi nne, utajifunza zaidi ya video zozote.

Wateja wa moja kwa moja hupatikana kwa miguu. Jumapili mchana madalali huacha nyumba wazi kwa wanunuzi, wamekaa peke yao na biskuti. Ingia, salimia, usimwage sera, mwonyeshe kwenye simu nyumba tatu za mtaa uleule. Karibu kila mji mkubwa una madalali Wakenya, Wakongo, Wanigeria wanaowauzia watu wetu nyumba, nao wanapenda kufanya kazi na mtu anayepokea simu. Ila ndugu naye ana ugonjwa wake: "Nipigie ya kwanza bure, nitakuletea nyingine." Mpunguzie bei ukitaka. Bure inakupa mteja wa bure.

Hesabu yenyewe ifanye kwa saa. Tuseme unalipwa dola 200 kwa nyumba nzima. Dakika 40 kwenda, 40 kurudi, saa moja na nusu pale, saa mbili za kuhariri. Ni karibu saa tano, dola 40 kwa saa. Toa petroli, betri, bima. Toa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 ya karibu faida yote, juu ya kodi ya mapato, ambayo hakuna mwajiri wa kukukata, kwa hiyo Aprili inakuja kama mwenye nyumba wako. Ni kazi nzuri bado, lakini si ile ya kwenye video.

Bima FAA haiitaki. Ofisi za madalali ndizo zinaitaka, mara nyingi ya dola milioni 1, na zipo za kulipia kwa siku kwa anayeanza. Na kwenye ankara andika waziwazi kwamba picha ni zako, dalali amepewa ruhusa ya kuzitumia kuuza nyumba ile. Bila makubaliano mengine ya maandishi, sheria ya hakimiliki inakupa wewe mpigaji. Utakuja kushangaa nyumba inauzwa tena baada ya miaka miwili na dalali mwingine, kwa picha zako zilezile, na fundi wa paa ameziweka kwenye tangazo lake.

La mwisho ni la Desemba, watu wakikata tiketi za nyumbani na mtu akawaza kulipiga picha shamba la mzee kule Kisii au Moshi. Cheti cha FAA hakikubaliki huko. Kenya ina kanuni zake za 2020 chini ya mamlaka ya anga, KCAA, na kuingiza droni kunahitaji kibali kabla hujafika. Tanzania unaombea TCAA, na wizara ya ulinzi inahusika. Ukitua nayo bila makaratasi, forodha watabaki nayo. Mimi yangu huiacha kabatini, betri zikiwa na chaji nusu ili zisivimbe.